Mashine inauzwa maelfu ya dola, plagini yake iuzwe bei gani?

Kila anayejenga plagini (programu ndogo inayoingia ndani ya programu ya kurekodia muziki) ya kuiga kifaa halisi, iwe kompresa ya kubana sauti, ikwalaiza ya kurekebisha besi na sauti za juu, riverbu ya kuongeza mwangwi au pedali ya gitaa, hufika siku ambayo ukurasa wa mauzo unamdai namba moja tu. Sauti imeshakaa, kidirisha kimechorwa kikapendeza, waliojaribu wameridhika. Hapo wengi hupiga hesabu ya chapuchapu: mashine yenyewe ni dola 2,500, basi plagini iwe asilimia 5 ya hapo. Namba inapatikana, lakini haina mguu wa kusimamia.

Chukua Fairchild 670, kompresa ya zamani. Ndani yake mna vali 20 na transfoma 14, uzito wake ni kama kilo 30, na ikipatikana nzima iliyotunzwa huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Halafu chukua 1176 ya Universal Audio, kompresa ya transista iliyotoka mwaka 1967. Toleo lake linalotengenezwa leo ni dola elfu mbili na ushee. Bei za mashine hizi mbili zimeachana zaidi ya mara kumi. Ukiingia kwenye duka la plagini, nakala za programu za mashine hizohizo zimepangwa rafu moja na bei zake zinakaribiana, mara nyingi ni zilezile. Hata EMT 140 ya mwaka 1957, ile riverbu ya bamba la chuma lenye upana wa mita moja na urefu wa mita mbili, sanduku zima lina kilo 270 hivi, nayo kwenye programu imekaa humohumo.

Bei ya mashine hubeba transfoma, bati, mikono ya mafundi, usafiri na uhaba. Plagini haibebi hata kimoja kati ya hivyo. Nakala ya elfu moja inakugharimu sawa na ya kwanza, yaani karibu na sifuri. Na mnunuzi anayesoma ukurasa wako halinganishi dola 49 zako na dola 2,500 za mashine ambayo hakuwa na mpango wa kuinunua. Analinganisha na 1176 nyingine tano alizoziona wiki hiyo, na ile aliyonayo tayari: kompresa inayokuja ndani ya Logic Pro, programu ya kurekodia ya Apple, ina namna inayoitwa Vintage FET, ya kuiga kompresa za aina ya 1176, imo ndani ya bei ya programu yenyewe. Analog Obsession nao hutoa plagini zao bure na kuishi kwa michango ya wanaowapenda. Hao ndio washindani wako.

Kwa hiyo dari ya bei huwekwa na kile ambacho mwanamuziki angefanya kama plagini yako isingekuwepo. Sakafu huwekwa na kile kinachobaki mkononi mwako baada ya kila mtu kukata chake. Watengenezaji wengi wanaijua dari kwa hisia, lakini sakafu hawajawahi kuikokotoa, na ndiyo inayowaumiza.

Dola 49 inavyoyeyuka

Tuchukue plagini ya dola 49 na kuifuata hatua kwa hatua. Mnunuzi yuko Ujerumani, ambako VAT ni asilimia 19, na huko bei anayoonyeshwa mlaji huwa imeshajumlisha kodi. Gawa 49 kwa 1.19: zinabaki dola 41.18, na dola 7.82 ni za serikali. Ukiuza kwenye tovuti yako kupitia kampuni inayouza kwa niaba yako na kulipa kodi za nchi zote, kama Paddle, makato yao ya kawaida ni asilimia 5 ya muamala pamoja na senti 50. Hapo zinaondoka dola 2.95. Mkononi dola 38.23.

Sasa tuseme umekubaliana na mwenye mashine halisi utumie jina lake, naye anachukua asilimia 15 ya kinachobaki. Unabaki na dola 32.50. Hiyo ndiyo hali nzuri kuliko zote: bei kamili, duka lako mwenyewe.

Hali ya upande wa pili ni hii. Plagini iko kwenye duka la mtu mwingine, ni msimu wa ofa, bei imekatwa nusu hadi 24.50. Toa VAT, zinabaki 20.59. Tuseme duka linachukua asilimia 40, zinabaki 12.35. Toa fungu la mwenye jina, umebaki na dola 10.50. Hata nakala tatu za namna hii zinakaribia tu kufikia nakala moja ya bei kamili, na kila mmoja wa wale wateja watatu ana haki ileile ya kukuandikia barua ya msaada.

Katikati pana ofa ya nusu bei kwenye tovuti yako mwenyewe: 24.50 toa VAT ya 3.91, toa makato ya 1.73, toa fungu la jina, zinabaki 16.03. Changanya sasa. Tuseme asilimia 30 ya wateja wananunua kwa bei kamili kwako, asilimia 50 wananunua kwako wakati wa ofa, asilimia 20 kwenye duka la nje wakati wa ofa. Wastani wa nakala moja ni dola 19.87. Plagini inayotangazwa kwa dola 49 inaingiza dola 20. Ukitaka namba moja ya kubeba kichwani, ni hiyo: kadiria asilimia 40 ya bei iliyoandikwa, na usipange maisha yako juu ya zaidi ya hapo mpaka mauzo ya mwaka mzima yakuonyeshe vingine.

Upande wa gharama, weka kila kitu mezani. Watu wawili kwa miezi sita, kila mmoja akihitaji dola 2,500 kwa mwezi, ni dola 30,000. Mchoraji wa kidirisha, kununua au kukodi mashine mbili au tatu za kupima (moja haitoshi, kwa sababu mashine mbili za mfano mmoja hazifanani kabisa), uanachama wa watengenezaji wa Apple wa dola 99 kwa mwaka, cheti cha kutia saini programu za Windows ambacho ni dola mia kadhaa, kompyuta za kujaribia. Tuseme jumla ni 36,000. Gawa kwa 19.87, unahitaji kuuza nakala 1,812 kabla hujapata faida hata ya senti. Ukiwa na orodha ya barua pepe ya watu 900 na huna duka la nje, unaona mara moja kwamba tatizo lako halitatatuliwa kwa kuchagua kati ya 49 na 59.

Bei ndogo sana nayo ina mtego wake. Plagini ya dola 5 inakatwa asilimia 5 na senti 50, jumla senti 75, yaani asilimia 15 ya bei. Toa VAT ya senti 80, umebaki na 3.45. Barua moja ya msaada inayokula dakika 20 imemaliza nakala mbili. Chini ya dola 15 naona ni heri uitoe bure, ikuletee anwani za barua pepe, kuliko kuiuza. Valhalla DSP wanafanya hivyo: riverbu yao ya Supermassive ni bure kabisa, na anayeipenda anajua njia ya kuelekea VintageVerb ya dola 50.

Kinachomfanya mtu alipe

Hapa ndipo watengenezaji wengi hujidanganya. Huandika kwenye ukurasa kwamba sauti «haitofautiki na mashine», kisha huweka bei kwa kutegemea sentensi hiyo. Mwanamuziki hawezi kuhakikisha, mashine hana. Anachoweza kukihisi ndani ya dakika kumi ni vitu vingine: nobu zinajibu vipi, kompyuta inachoka kiasi gani, kuna ucheleweshaji au hakuna, na kama programu inaanguka.

Tukae kidogo kwenye 1176, kwa sababu inaonyesha vizuri mahali pesa zinapokwenda. Ateki yake (muda inaouchukua kuanza kubana sauti) ya haraka kabisa ni mikrosekunde 20. Kwenye kiwango cha 48 kHz, yaani sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde, sampuli moja (kipimo kimoja) inadumu mikrosekunde 20.8. Maana yake ni kwamba kompresa halisi inakuwa imeshabana sauti kabla programu haijapata hata sampuli ya pili. Ukiiga bila kuzidisha sampuli, mambo mawili yanaharibika. Kwanza, ngoma ya snea inapita na ncha kali ambayo mashine ingeikata. Pili, kubana kwa kasi hiyo kunazaa masafa ya juu mno ambayo 48 kHz haina pa kuyaweka, nayo yanakunjika na kurudi chini kama mlio usiolingana na noti yoyote ya wimbo. Hiyo ndiyo aliasingi. Mtu asiye fundi haijui kwa jina, ila anasema plagini «inakwaruza» juu ya matoazi.

Dawa ni kuzidisha sampuli mara nne: sasa sampuli moja ni mikrosekunde 5.2, na pana nafasi ya kuichora ateki. Lakini hesabu yote ya sakiti nayo inafanywa mara nne, na vichujio vya kupandisha na kushusha kiwango vinaweza kuleta ucheleweshaji. Plagini iliyokuwa inakula asilimia 1 ya kiini kimoja cha kichakataji sasa inakula 4 au 5. Anayemiksi wimbo wenye njia 60, kila chombo au sauti na njia yake, anataka kuiweka kwenye njia 20. Hapo ndipo mtengenezaji mahiri anapoipata bei yake: anaandika upya msimbo utumie maagizo ya kichakataji yanayohesabu namba nne au nane kwa pamoja, anaweka swichi ya ubora ya kurekodia na nyingine ya kutolea kazi ya mwisho. Wiki tatu za kazi ya namna hiyo zinapandisha thamani kuliko wiki tatu za kuipamba picha ya mita ya sindano, kwa sababu mteja anayeweza kuiweka plagini kwenye njia 20 ataitumia kila siku, na anayeitumia kila siku ndiye anayenunua ya pili.

Mauzo mengi hutumia hoja kwamba mashine moja ni njia moja, bali plagini ni mashine 20 kwa bei ya moja. Ni kweli, na haipandishi bei hata kidogo. Mshindani wako naye anatoa 20.

Jambo dogo ambalo watu hulisahau: nobu za ateki na rilisi (muda wa kuiachia sauti) za 1176 zimegeuzwa. Namba 7 ndiyo haraka, namba 1 ndiyo polepole. Ukiiga kwa uaminifu, utapokea barua za watu wanaodai kuna hitilafu. Ukizigeuza, wazee wa studio watakuandikia kwamba hukuwahi kuigusa mashine. Acha kama ilivyo, na uandike muda wenyewe kwa mikrosekunde mtu anapoisogelea nobu kwa kipanya. Mstari huo mmoja unakuokolea saa za msaada kila mwezi, na saa hizo ni sehemu ya bei.

Pedali za gitaa ni soko jingine

Mpiga gitaa hafanani na mchanganyaji wa sauti. Kifaa anachokitaka kina bei anayoifikia. Ibanez Tube Screamer, pedali ya kukwaruza sauti, ikiwa mpya kwa kawaida ni kati ya dola 100 na 200 hivi, akiichoka anaiuza, na jukwaani haihitaji kompyuta. Ukimwambia alipe 49 kwa picha yake kwenye skrini, anaona afadhali aongeze kidogo anunue chuma chenyewe.

Sakiti yenyewe ni ndogo, na kila mtu anayo. IC moja yenye vikuza sauti viwili, dayodi mbili kwenye njia ya marejesho, rizista ya kilo-omu 4.7 na kapasita ya mikrofaradi 0.047 zinazoweka mpaka kwenye 720 Hz ili besi isikwaruzwe kama sauti za juu yake. Fundi mzuri anaijenga kwa programu ndani ya wiki mbili. Juu ya hapo ipo Neural Amp Modeler, programu huria isiyolipiwa, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia kunasa sauti ya pedali yake na kuwagawia wenzake. Sauti ya Tube Screamer moja, peke yake, haina tena bei.

Lakini faili nyingi za kunasa namna hiyo ni picha ya mkao mmoja: nobu ya drive (kiasi cha mkwaruzo) na ya tone (wingi wa sauti za juu) zimegandishwa mahali pamoja. Ukitaka mkao mwingine, unatafuta faili nyingine. Modeli ya sakiti inazungushwa nobu mpaka popote, inajibu mtu anapopunguza sauti kwenye gitaa, na inaunganishwa na pedali iliyo mbele yake. Hicho ndicho cha kuuza, na hakiuziki kimojakimoja. Pedali moja iweke kati ya dola 19 na 29. Ubao wa pedali nane zinazopangika, pamoja na kabati za spika na kipimia tyuni, unaweza kusimama kwenye 79 au 99 bila mtu kushangaa. Kazi ya kuandika ubao si mara nane ya pedali moja, labda ni mara tatu, kwa hiyo faida iko huko.

Ukiuza toleo la simu na tableti kupitia duka la Apple, kumbuka kwamba wanachukua asilimia 30, au 15 kwa watengenezaji wadogo wanaoingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka na waliojiandikisha kwenye mpango huo. Na kule macho ya wanunuzi yamezoea dola 5 hadi 20. Usiweke bei ileile ya kompyuta, na usiwauzie watu wa kompyuta bei ya simu.

Kuitafuta namba yenyewe

Njia inayofanya kazi kwa timu ndogo ni ya Peter van Westendorp, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1976. Maswali ni manne. Bei gani ingekuwa ndogo mpaka ukatilia shaka ubora? Bei gani ungeiona nafuu? Bei gani ungeanza kuiona ghali lakini bado ukafikiria? Bei gani usingenunua kabisa? Waulize watu 60 au zaidi. Chora mistari miwili: wanaosema ni rahisi mno, ukishuka kadiri bei inavyopanda, na wanaosema ni ghali mno, ukipanda. Inapokutana ndipo pa kuanzia.

Inaharibika kwa njia mbili. Ukiwauliza kabla hawajaisikia plagini, wanakujibu bei ya plagini za aina hiyo kwa jumla, si yako. Wape wiki moja nayo kwanza, kwenye nyimbo zao. Na ukiwauliza marafiki zako, namba zinapanda kwa sababu ya mapenzi. Waulize wale waliojiandikisha kwa barua pepe na hawakujui.

Majibu yakikupa 43, andika 39 au 49. Mimi ningeandika 49, kwa sababu kushuka ni rahisi na kupanda ni vita. Kuhusu kipindi cha kujaribu, toa siku 14 kamili, kuhifadhi kukiwemo. Kelele inayotiwa makusudi kwenye toleo la kujaribu kila baada ya sekunde 45 humzuia mtu kuiweka plagini kwenye kazi halisi, na asipoiweka kwenye kazi halisi hataikosa muda ukiisha.

Ofa zinavyoila bei

Soko hili limezoeshwa ofa. Mnunuzi akiona plagini ya dola 199 inashuka hadi 39 kila Novemba, na tena Machi, na tena katikati ya mwaka, kwake bei ni 39. Ile 199 ni pambo. Ubaya wake si wa maadili tu, ingawa hata huo upo. Ubaya ni kwamba mteja aliyenunua kwa 199 siku nne kabla ya ofa hatakusamehe, na wengine wote wamejifunza kusubiri. Mauzo yako ya miezi ya kawaida yanakauka, unalazimika kuweka ofa nyingine ili ulipe mishahara, na mzunguko unakaza.

Valhalla wanakaa kwenye dola 50 na hawaweki ofa. Mtu hana sababu ya kungoja, ananunua siku anayoihitaji, hata kama ni Jumanne ya Februari. Wanapoteza wimbi la Novemba, lakini mauzo hayategemei wiki moja ya mwaka. Kwa timu ya watu wawili au watatu naipenda njia hii kuliko zote. Usipokuwa na ujasiri huo, basi: bei ya kuanzia yenye punguzo la asilimia 30 kwa wiki nne za mwanzo, ofa moja mwezi Novemba isiyozidi asilimia 40, basi. Na aliyenunua ndani ya siku 14 kabla ya ofa mrudishie tofauti kabla hajaiomba. Unawapata wote kwa kutafuta kwenye orodha ya mauzo, ni kazi ya saa moja.

Kifurushi nacho kina hesabu yake. Plagini tano za 49 ni 245. Kifurushi kiweke karibu na bei ya mbili na nusu, tuseme 129. Fungu la kila plagini ndani ya kifurushi ni 25.80. Mwenye tatu tayari anayetaka kukamilisha atalipa 129 kutoa mara tatu ya 25.80, yaani 51.60 kwa mbili zilizobaki, badala ya 98. Mwenye nne atalipa 25.80. Ukiacha kumpunguzia, mteja wako mwaminifu kuliko wote ndiye anayepata bei mbaya kuliko mgeni aliyekuja jana, naye atalisema hilo hadharani.

Kukodisha kwa mwezi: makampuni makubwa yanaweza, kwa kuwa yana plagini nyingi. UAD Spark, usajili wa Universal Audio, ilianza mwaka 2022 kwa dola 19.99 kwa mwezi. Waves, kampuni nyingine ya plagini, walipotangaza mwishoni mwa Machi 2023 kwamba wanaacha leseni za kudumu na kubaki na usajili pekee, wateja walikasirika kiasi kwamba leseni zikarudishwa baada ya siku chache. Mwanamuziki anaogopa kufungua wimbo wa miaka mitatu iliyopita akute plagini imezimwa, na hofu hiyo ina haki. Kulipa kidogokidogo mpaka iwe yako, kama duka la Splice lilivyofanya na Serum, plagini ya sinthesaiza, kwa 9.99 kwa mwezi, ni jambo jingine na ni zuri, ila kwa plagini ghali. Ukigawa 49 kwa miezi saba ya dola 7, kila malipo yanakatwa senti 85, jumla 5.95, mara mbili ya makato ya malipo ya mara moja. Kuanzia 150 kwenda juu ndipo inapolipa.

Jina la mashine

Sakiti ya zamani ambayo hataza yake imeisha unaweza kuiiga. Hataza hudumu miaka 20 tangu kuombwa. Jina la biashara haliishi maadamu linatumika na kusajiliwa upya. Ndiyo maana plagini nyingi zina rangi ya bluu au kijani na namba inayofanana na ile unayoijua, bila jina lenyewe. Ukiingia mkataba wa jina kwa asilimia 15, hesabu ni fupi: nakala moja inabaki na 0.85 ya thamani yake, kwa hiyo jina likikuletea wateja 18 wa ziada juu ya kila 100, limejilipa. Kabla ya kusaini, hakikisha asilimia inahesabiwa kwenye kinachobaki baada ya kodi na makato ya duka, si kwenye bei iliyoandikwa. Asilimia 15 ya 49 ni 7.35. Kwenye ile nakala ya ofa iliyokuletea 12.35, ungebaki na dola 5.

Baada ya kuuza

Plagini iliyouzwa haijaisha. Oktoba 2018 Steinberg waliacha kutoa leseni mpya za VST2, muundo wao wa zamani wa kujengea plagini. Novemba 2020 Apple walitoa kompyuta zenye kichakataji chao wenyewe, M1, na plagini zikahitaji kujengwa na kujaribiwa upya ili zifanye kazi juu yake moja kwa moja. Kila mwaka macOS mpya inatoka, na kila mwaka kuna wiki moja ambayo sanduku la barua linajaa sentensi ileile: «Nimesasisha, plagini haionekani.» Tuseme kila wateja 100 wanaandika barua 8, kila moja dakika 20. Ni dakika 1.6 kwa mteja, kama senti 53 ukihesabu saa moja kwa dola 20. Ndogo, lakini ni ya kila mwaka, na wateja wa zamani hawapungui.

Kwa hiyo tenga dola 3 za kila nakala kwenye akaunti nyingine, usiziguse. Na toleo kubwa jipya, baada ya miaka mitatu au minne, litoze pesa bila aibu, mradi lina kitu kipya cha kusikika. Asilimia 30 hadi 40 ya bei ni ya haki: kwa 49, weka 15 au 19. Aliyenunua ndani ya siku 90 zilizopita apewe bure. Toleo la zamani liendelee kufunguka kando ya jipya, kwa kitambulisho chake tofauti, ili nyimbo za zamani zisivunjike. Na kabla ya kubonyeza kitufe cha kutangaza, linganisha bei ya kupandia toleo jipya na bei ya chini kabisa ambayo mgeni ataiona kwenye ofa ya Novemba. Ikiwa mgeni atalipa 24.50 na mteja wa zamani anadaiwa 29, rekebisha leo.